Samaki wanakufa, nasi twakimbilia duka la dawa

Alfajiri moja ya mwezi wa Machi, nikiwa ndio kwanza nimetoka msikitini, binamu yangu alinipigia simu. Hakusalimia. Alisema tu, "Kaka, njoo uone. Wanaelea."

Nilipofika kwenye vidimbwi vyao nyuma ya mikoko, mwatiko walikuwa juu ya maji, matumbo yametazama mbinguni. Kikundi chao kina watu kumi na sita, wengi wao ni kina mama. Vidimbwi walichimba wenyewe kwa majembe, na mkopo walichukua kwa dhamana ya wao kwa wao. Ilikuwa imebaki wiki sita wavune. Mama mmoja alikuwa amekaa ukingoni, amejifunika leso kichwani, hasemi na mtu. Yule hakuhitaji kuulizwa hesabu yake imeharibika wapi.

Kufikia saa nne, kijana mmoja alikuwa ameshakwenda sokoni na kurudi na pakiti za unga wa dawa. Ni dawa ya kuku. Muuzaji hakumuuliza ugonjwa gani, wala samaki gani. Aliuliza pakiti ngapi. Dawa ikachanganywa na chakula, ikamwagwa majini. Samaki wengi wakaendelea kufa, wachache wakabaki. Na kwa kuwa wachache walibaki, kikundi kizima kikakubaliana kwamba dawa imefanya kazi.

Ndugu msomaji, nimeliwaza jambo hili kwa miezi sasa, kwa sababu pwani nzima tunaimbiwa uchumi wa buluu. Kutoka Lamu hadi Vanga, vijana na kina mama wanahimizwa wafuge mwatiko, kamba na kaa, kwa kuwa samaki wa kuvua wamepungua na chombo cha kwenda bahari kuu hatuna. Mimi naunga mkono. Lakini katika hotuba zote nilizohudhuria, nimesikia habari za vidimbwi, vifaranga, soko na mikopo. Sijamsikia mtu akisema samaki wakiugua tutafanya nini. Na mfugaji yeyote, awe wa ng'ombe au wa kuku, atakwambia kwamba swali hilo ndilo linaloamua kama utabaki na mifugo au utabaki na deni.

Tuanze na kile kidimbwi cha binamu yangu. Samaki wanaokufa kwa wingi alfajiri, mara nyingi hawana ugonjwa wowote. Wamekosa hewa. Mchana mwani mdogo ulio majini hutengeneza oksijeni kwa msaada wa jua. Usiku jua hakuna, na mwani ule ule huanza kuvuta hewa pamoja na samaki na kila kinachooza chini ya kidimbwi. Ikifika alfajiri, hewa iliyobaki ni kidogo mno. Kidimbwi kikiwa na samaki wengi kupita kiasi, au kikimwagiwa chakula kingi kisicholiwa, maafa huja saa hiyo hiyo ya mapambazuko. Dawa ya kutibu hali hii ni maji mapya na mkono mwepesi wa kulisha. Unga wa kuku hausaidii kitu.

Sasa, huenda ilikuwa hewa, huenda ilikuwa bakteria. Matibabu yake ni tofauti kabisa, na hakuna aliyepima. Hakuna aliyekuwa na kifaa cha kupima oksijeni, hakuna aliyepeleka samaki mmoja mgonjwa maabara, na hakuna aliyejua ampeleke wapi. Hapo ndipo penye tatizo letu, na ndipo nataka tukae leo.

Katika ufugaji wa baharini, mkosaji anayetajwa zaidi ni bakteria wa ukoo uitwao Vibrio. Sisi wa pwani ukoo huu tunaujua kwa machungu, maana kipindupindu huletwa na mmoja wao, Vibrio cholerae. Lakini wako wengine wengi wanaoishi baharini siku zote, twaoga nao na twavua nao, wala hawatudhuru. Huwa hatari wanapopata nafasi: maji yakichafuka, joto likipanda, samaki wakisongamana na kudhoofika. Kidimbwi kibovu huwafungulia mlango.

Wenzetu wa Asia walilipa bei kubwa kulijua hili. Mwaka 2009 wafugaji wa kamba nchini Uchina walianza kuona kamba wadogo wakifa katika mwezi wa kwanza tu baada ya kutiwa kidimbwini. Maafa yakafika Vietnam, yakaingia Malaysia na Thailand, na mwaka 2013 yakavuka hadi Meksiko. Thailand, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kamba duniani, ilipoteza takriban nusu ya mavuno yake katika muda wa miaka michache. Watu walilaumu chakula, walilaumu dawa za wadudu mashambani, walilaumu hali ya hewa. Kila mtu alikuwa na jibu, na kila mtu alikuwa akinunua dawa.

Jibu la kweli lilitoka maabara. Mwaka 2013 Donald Lightner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona walionyesha kwamba muuaji ni aina fulani ya Vibrio parahaemolyticus, bakteria wa kawaida kabisa wa baharini. Huyu anatoa sumu inayoharibu kile kiungo cha kamba kinachofanya kazi ya ini. Baadaye ikajulikana kwamba maagizo ya kutengeneza sumu ile yamo katika kipande kidogo cha DNA ambacho bakteria hupokezana, mmoja akimpa mwenzake, kama watu wanaopeana funguo za nyumba. Bakteria aliyekuwa hana madhara jana, leo kapewa funguo.

Likumbuke jambo hili, kwa maana ndivyo usugu wa dawa unavyosafiri vilevile. Tukimwaga dawa ya kuku kidimbwini bila kipimo, tunaua bakteria dhaifu na kuwaacha wale wanaoistahimili. Hao nao huwapa wenzao siri ile. Maji ya kidimbwi huingia mkondoni, mkondo huingia baharini, na bahari ndiyo jikoni mwetu. Tetrasaiklini tunayowapa kuku ni ya jamii moja na dawa anazoandikiwa binadamu hospitalini. Siku mtoto wako atakapougua na daktari akasema dawa haifanyi kazi, hutajua kwamba safari ya ugonjwa ule huenda ilianzia kwenye pakiti iliyouzwa bila swali hata moja.

Kuna funzo jingine la Asia lililowashangaza wengi. Wafugaji walioogopa ugonjwa walisafisha vidimbwi kwa klorini mpaka pasibaki kiumbe, kisha wakatia kamba. Ugonjwa ukarudi. Wataalamu wakaeleza sababu. Ukiua kila kitu majini, umeacha nyumba tupu yenye chakula tele, na anayewahi kuhamia nyumba tupu ni yule anayezaana upesi. Vibrio huzaana upesi kuliko wengi. Maji yaliyokomaa, yenye mwani na bakteria wema waliokwisha kukaa, yalikuwa salama zaidi kuliko maji yaliyokaushwa uhai. Ndiyo maana baadhi ya wafugaji walianza kufuga tilapia karibu na kamba na kutumia maji yale ya kijani, na utafiti ukaonyesha kuwa yanapunguza vifo.

Kwa hivyo swali limegeuka. Zamani swali lilikuwa tuwaueje bakteria. Leo swali ni nani tumkaribishe akae majini, ili mbaya akija asipate nafasi.

Msomaji ataniuliza, mbona tusichanje tu kama tunavyochanja ng'ombe? Swali zuri, na mfano wake upo Norway. Katika miaka ya 1980 samoni wa kufugwa kule walikuwa wakiteketea kwa maradhi ya bakteria, na mwaka 1987 pekee nchi ile ilitumia karibu tani 48 za viuavijasumu kwenye samaki. Watafiti wakatengeneza chanjo, wafugaji wakawa wanawadunga samaki mmoja mmoja wakiwa wadogo kabla ya kuwapeleka baharini, na serikali ikaweka sheria kali za nafasi kati ya mashamba na kupumzisha maji baada ya mavuno. Leo Norway inavuna zaidi ya tani milioni 1 za samoni kwa mwaka, na viuavijasumu inavyotumia kwa samaki haviki hata tani 1. Samaki wameongezeka mara nyingi, dawa imekaribia kutoweka.

Linganisha na Chile, ambayo pia hufuga samoni wengi. Huko hutumika mamia ya tani za viuavijasumu kila mwaka, kwa sababu bakteria wanaowasumbua zaidi hujificha ndani ya chembe za mwili wa samaki, na chanjo zilizopo hazijawaweza. Samaki ni yule yule, lakini adui ni mwingine, na matokeo yametofautiana kama usiku na mchana. Ndiyo maana nasema usinunue dawa kabla ya kumjua adui.

Ila chanjo ya Norway haitatuvusha sisi moja kwa moja. Kamba na kaa hawana kinga ya mwili inayokumbuka ugonjwa kama yetu au ya samoni, na chanjo hufanya kazi kwa kuegemea kumbukumbu hiyo. Na hata samaki wenye mifupa, wakiwa wachanga wa siku chache, kinga yao haijakomaa. Hawachanjiki. Kifo kikubwa katika ufugaji wa baharini hutokea hapo hapo, kwenye kituo cha kutotolesha, kabla kifaranga hajafika kwa mfugaji.

Hapa nataka kumtaja mwanamke mmoja wa Denmaki, Lone Gram, mtaalamu wa mikrobiolojia wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmaki. Kwa miaka mingi yeye na wenzake wamekuwa wakitafuta bakteria wema wa baharini wanaoweza kuzuia wabaya. Mwaka 2006 na 2007 timu yake ilisafiri na meli katika msafara wa Galathea 3 uliozunguka dunia, wakichota maji ya bahari mbalimbali na kukusanya mamia ya bakteria wenye uwezo wa kuwazuia bakteria wengine.

Bakteria waliofanyiwa kazi zaidi na kundi hili ni wa jamii ya Phaeobacter. Aina yake moja ilipatikana pahali pasipotarajiwa, ndani ya kituo cha kutotolesha samaki huko Uhispania. Alikuwa akiishi mumo humo, kwenye kuta za matangi, bila kutumwa na mtu. Bakteria huyu hutoa kemikali inayowazuia Vibrio. Na walipojaribu kuwazoesha Vibrio kemikali ile ili waone kama watakuwa sugu, usugu haukuja kwa wepesi tunaouona kwenye dawa za kawaida.

Walichofanya baadaye kinapendeza kwa urahisi wake. Samaki mchanga hali chakula cha pakiti. Hula viumbe vidogo sana viitwavyo rotifa, na rotifa nao hula mwani mdogo. Mara nyingi Vibrio huingia kwa samaki kupitia chakula hicho hai. Basi watafiti wakawatia Phaeobacter kwenye mwani na kwenye rotifa, ili adui azuiwe kabla hajafika mdomoni. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2012, vichanga vya chewa wa bahari baridi walioambukizwa Vibrio bila kinga hiyo waliangamia, na waliopewa bakteria rafiki wengi walinusurika. Walipotumia aina ya Phaeobacter isiyoweza kutengeneza kemikali ile, kinga ikapungua. Kwa hiyo walijua kinachofanya kazi, na kwa sababu gani.

Sisemi tuagize Phaeobacter kutoka Denmaki kesho. Jaribio lile lilifanywa kwenye vyombo safi vya maabara na kwa samaki wa maji baridi, na kidimbwi cha mikoko chenye tope na jua la pwani ni dunia nyingine. Ninachosema ni kwamba njia yao ndiyo tunayoikosa. Walianza kwa kumjua adui kwa jina. Wakatazama anapitia wapi. Kisha wakatafuta rafiki ndani ya maji yale yale. Nani anajua ni rafiki gani walioko kwenye maji ya Gazi, Mida au Ngomeni? Hawa hatuwezi kuletewa na mfadhili ndani ya kontena. Hawa lazima watafutwe hapa, na vijana wa hapa.

Na haraka ipo. Mwaka 2011 ugonjwa wa madoa meupe, huu ukiwa wa virusi, ulivamia mashamba ya kamba Msumbiji, na mwaka uliofuata ukaingia Madagaska. Hao ni jirani zetu wa bahari moja. Sisi bado hatujawa na mashamba makubwa, na kwa mara moja uchanga wetu ni bahati: tunaweza kujenga vizuri tangu msingi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi hata ukuta hatujaumaliza.

Najua kuna watakaosema watu wana njaa leo, maabara itangoja. Hoja hii naiheshimu kwa sababu naishi na wenye njaa. Lakini kikundi cha binamu yangu hakikukosa bidii wala vidimbwi. Kilikosa mtu mmoja wa kupima maji na pahali pa kupeleka samaki mmoja. Hasara ya asubuhi ile imewarudisha nyuma kuliko walivyokuwa kabla ya kuchimba, maana sasa wana deni. Mradi usio na kinga humwongezea mwenye njaa njaa nyingine.

Wengine husema ni mapenzi ya Mungu. Ni kweli kila jambo lina qadari yake. Lakini sisi Waislamu tumefunzwa kumfunga ngamia kwanza ndipo tutawakali. Ngamia wetu hapa ni kipimo.

Basi kuna mambo matatu ambayo nataka viongozi wetu wa kaunti waulizwe, na waulizwe na nyinyi mnaosoma.

La kwanza, mfugaji akiona samaki wanaugua, ampeleke wapi siku hiyo hiyo? Taasisi ya KMFRI ina makao yake hapa Mombasa na ina wataalamu. Lakini mama wa Kipini au wa Majoreni hawezi kubeba samaki anayeoza hadi Mkomani. Kila kaunti ya pwani inahitaji angalau afisa mwenye kipima oksijeni, kipima chumvi, hadubini na barafu ya kusafirishia sampuli, na nambari ya simu inayojibiwa.

La pili, vifaranga vinatoka wapi? Leo wafugaji wetu wengi wa mwatiko na kaa huchukua vifaranga baharini na mikokoni, na anayechukua hajui amechukua na nini. Mradi wa KEMFSED, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, uliweka mpango wa kituo cha kitaifa cha ufugaji wa baharini kule Shimoni. Heri. Lakini kituo cha kutotolesha kisichopima vifaranga chake ni hatari kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu kitasambaza ugonjwa mmoja kwa pwani nzima kwa mpigo mmoja. Tumezoea kusema samaki mmoja akioza huoza wote. Hapa methali ile si mfano tena. Kila kifaranga kinachotolewa kwa fedha za umma kiwe na cheti cha afya.

La tatu, nani anachunga duka la dawa za mifugo? Viuavijasumu si panadoli. Mwenye duka asiyeuliza swali anauza usugu kwa bei ya pakiti. Simlaumu peke yake. Mfugaji asipokuwa na wa kumuuliza, atamuuliza muuza duka.

Haya hayangoji chanjo wala uvumbuzi mpya. Vidimbwi visisongamanishwe, chakula kipimwe, maji yabadilishwe, kidimbwi kikaushwe na kupigwa jua baada ya kila mavuno. Hii ndiyo kinga ya kwanza, na wazee wetu waliofuga kuku wa kienyeji wangeielewa bila kusoma bakteria.

Wiki iliyopita nilipita tena kwa binamu yangu. Wamekausha vidimbwi viwili, tope limepasuka kama sahani. Yule mama wa leso alikuwepo, anafagia majani ukingoni. Wameambiwa vifaranga vipya vya bure viko njiani. Binamu yangu akaniuliza, "Kaka, tuwapokee?"

Nilimwambia aulize maswali mawili kabla ya kufungua maji: wametoka wapi, na nani aliwapima? Akipata jibu, bismillahi, awatie. Akikosa jibu, kidimbwi kikae kikavu mwezi mwingine. Hasara ya kungoja wataistahimili. Ile ya Machi hawawezi kuilipa mara ya pili.